Wewe Ni Muuguzi Tu

11 Februari

Mdogo wangu,

Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu unanikatiza kama shahidi wa upande wa pili. Karatasi huwezi kuikatiza. Kaa, soma mpaka mwisho, halafu ndiyo useme.

Unamkumbuka yule fundi cherehani wa nyuma ya hospitali, aliyekupunguzia suruali zako za mahakamani ulipokuja likizo? Mwembamba, akicheka anaziba mdomo. Kabla ya mwaka mpya alikuja kwetu mapokezi ya dharura ameshika shingo. Sauti haitoki, ananong'ona kama mtu anayepeleka umbea. Mimi ndiye niliyempokea. Nilimshusha kope la chini nikaona vidoa vyekundu, vidogo kama ncha za sindano. Nyuma ya sikio alikuwa na alama za vidole. Nikamwambia daktari wa zamu, huyu amekabwa. Hata kichwa hakuinua.

"Amesema amekabwa?"

Hajasema. Mumewe alikuwa amesimama mlangoni, angesemaje? Daktari akaandika kwenye faili: maumivu ya koo. Apewe dawa ya maumivu, asukutue kwa maji ya chumvi, aende nyumbani.

Maji ya chumvi, mdogo wangu!

Wiki iliyopita majirani wamemrudisha wamembeba. Upande wa kulia wote umelala, mdomo umepinda. Kiharusi. Daktari bingwa aliyeitwa kumwona anasema mshipa mkubwa wa shingoni umechanika kwa ndani, na kwa mwanamke wa umri ule haoni ugonjwa wa kuuchana. Hawezi kusema wala kushika kalamu. Mumewe amewaambia polisi ni presha tu, mke wangu alikuwa na mawazo mengi. Polisi wakaomba faili. Faili linasema koo.

Na nguo alizokuja nazo mara ya kwanza? Blauzi ilikuwa imechanika kolani na ina damu. Tuliitupa na takataka za wodi, ikaenda kuchomwa. Mhudumu akamsafisha mikono mpaka ndani ya kucha, kwa huruma, ili mgonjwa ajisikie vizuri. Kwa taratibu zetu hakuna aliyekosea. Hicho ndicho kinachonitia wazimu. Kila mtu alifanya kazi yake, na aliyemkaba amerudi kwake kulala.

Wewe ndiye mtu wa sheria kwenye ukoo huu. Niambie nifanye nini.

Mama anakusalimu. Anauliza kama unakula.

Dada yako

*

20 Februari

Dada, shikamoo.

Mwambie Mama nakula, na kitambi kimeanza kunitangulia mahakamani.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Namkumbuka yule fundi, suruali zile bado ninazo. Nimesikitika kweli. Lakini kwa kuwa umeniuliza mimi, nitakujibu kama mwendesha mashtaka, usinichukie.

Hasira haipokelewi mahakamani kama kielelezo. Hakimu anauliza mambo ya kawaida sana. Nani aliona? Aliona nini? Aliandika wakati ule ule au alikumbuka baadaye? Kitu alichookota kilipita mikononi mwa nani mpaka kikafika mbele yangu? Wewe uliona, sawa. Hukuandika. Blauzi imekuwa majivu. Hapo wakili yeyote aliyeamka salama anakumaliza kabla ya chai.

Nakuomba usijiingize. Umechoka, zamu zako ni ndefu, na una Mama wa kumwangalia. Wewe ni muuguzi tu, kazi yako ni kutibu. Ushahidi waachie wenye kazi yake.

Huku hatujambo. Kitinda mimba wetu anaendelea na ualimu wake, shule wanampenda. Jumamosi nacheza drafti na mumewe, na kila Jumamosi ananifunga, halafu anacheka mpaka duka zima la vifaa vya ujenzi linageuka kututazama. Ndoa ile ilikuwa bahati kwetu sote.

Mdogo wako

*

3 Juni

Bwana Mashtaka,

Nimenyamaza miezi kwa sababu kila nilipokaa kukujibu kalamu ilitaka kutukana.

"Muuguzi tu." Hiyo "tu" umeitoa wapi? Waachie wenye kazi yake, unasema. Ni akina nani? Polisi wanamwona mwanamke akishatoka kwetu, ameoshwa, amebadilishwa nguo, amefundishwa na mumewe njiani cha kusema. Daktari anamwona kwa muda wa kuandika dawa. Wewe unamwona baada ya mwaka, amevaa gauni la kanisani, anatetemeka kizimbani. Mtu anayemvua blauzi damu ikiwa bado mbichi ni mimi. Kama kazi hii ina mwenyewe, basi mwenyewe alikuwa pale ameshika mkasi, na hakuna aliyemfundisha asiikate blauzi mahali ilipochanika.

Sasa amefundishwa. Metroni wetu alisikia kwamba chuo cha uuguzi kimeanzisha mafunzo mapya, wanayaita uuguzi wa kisheria. Ni uuguzi wa watu walioumizwa na watu. Unamtibu mgonjwa, na mkono huo huo unalinda alama ambazo mahakama itazihitaji. Nilichukua likizo yangu yote nikaenda. Darasani tulikuwa wachache, kila mmoja katoka hospitali ambako walimcheka. Nilikaa na muuguzi mmoja mrefu kutoka huko huko kwenu, mkimya, nilidhani anasinzia. Kumbe yeye ndiye aliyekuwa akishika kila kitu.

Tumejifunza kupiga picha ya jeraha na rula pembeni. Nguo zenye damu zinaanikwa, kisha zinawekwa kwenye mfuko wa karatasi. Mfuko wa plastiki unaozesha kila kitu, na polisi wetu wametumia plastiki miaka yote hiyo. Tumejifunza kwamba aliyekabwa anaweza asiwe na alama hata moja shingoni na bado akafa siku kadhaa baadaye. Unamwuliza: unameza vizuri? Sauti imebadilika? Mkojo ulikutoka? Ulipoteza fahamu? Na kabla ya yote, mtu aliyekuja naye anatolewa nje, hata akiwa mume, hata akiwa shehe au mchungaji.

Nimerudi nikaomba chumba. Nimepewa iliyokuwa stoo ya mifagio. Nimepaka rangi mwenyewe, nimetia kitanda, pazia, na kabati lenye kufuli ambalo ufunguo wake haubanduki shingoni mwangu. Wenzangu wananiita Inspekta. Daktari yule wa zamu amesema mbele ya wanafunzi, "Ukitaka upolisi, nenda kapige kwata." Wakacheka. Nikamjibu kwamba kwata naweza, yeye kalamu ndiyo inayomshinda. Nimeitwa ofisini kwa utovu wa adabu.

Mume wa fundi cherehani hatimaye ameshtakiwa, na kesi inasikilizwa mwezi huu. Nitasimama. Najua utasema nisisimame.

Dada yako, Muuguzi Tu

*

19 Julai

Dada, shikamoo.

Neno "tu" nimelifuta. Sitalirudia. Naomba yaishe.

Nimesikia yaliyokukuta. Mwenzangu wa huko kanitumia mwenendo wa kesi. Nimesoma wakili wa utetezi alivyokuuliza kama wewe ni daktari, ukasema si daktari, naye akamgeukia hakimu akasema, "Basi tunapoteza muda hapa." Na hakimu akakubali. Nimesoma mshtakiwa alivyoachiwa. Mwenzangu anasema uligonga meza ya mashahidi mpaka glasi ya maji ikaanguka.

Nakuonea uchungu. Lakini nikikudanganya nitakuwa sikupendi. Yule wakili alikuwa mjeuri, ila kuna mahali alikushika kwa haki. Ulisema, "Mumewe alimkaba." Ulikuwepo? Wewe uliona vidoa machoni na alama nyuma ya sikio. Hayo ndiyo yako. Nani alifanya, ni kazi yetu kuthibitisha. Siku nyingine mgonjwa akikwambia kitu, andika maneno yake kama yalivyotoka, weka alama za kunukuu, usiyapige pasi. Akisema "alinishika hapa akabana taa zikazima", usiandike "anadai kunyongwa". Na "anadai" usiiandike kabisa, inamfanya aonekane mwongo kabla hajafika kwangu. Andika "amesema". Hilo nakufundisha bure, mawakili wa mjini wangekutoza.

Hapo kwenye "si daktari" nitatazama sheria vizuri. Nina wasiwasi hakimu alikwenda haraka.

Habari za nyumbani ni nzuri. Kitinda mimba anaumwa mafua ya ajabu, ndiyo maana hapokei simu zako. Sauti imekauka kabisa, wiki nzima amefundisha kwa kuandika ubaoni, wanafunzi wanasherehekea. Jicho moja limeingia damu, anasema ni kukohoa. Chakula kinampita kwa shida, anakunywa uji tu. Na juu ya hayo, joto lote hili anajifunga mtandio shingoni kama bibi harusi. Nilimtania tukacheka, ingawa yeye alicheka bila sauti. Shemeji anamhudumia vizuri sana, hamwachi hata dakika.

Pole, Dada. Pumzika.

Mdogo wako

*

23 Julai

Mdogo wangu,

Soma tena ulichoniandikia. Sauti. Jicho. Kumeza. Mtandio. Mume asiyemwacha hata dakika.

Umeniandikia fundi cherehani mzima kwenye karatasi, na chini yake ukaweka neno mafua.

Nenda shuleni, usiende nyumbani kwake. Mkute wakati wa mapumziko, akiwa peke yake. Mpeleke hospitali ya mkoa apigwe picha ya mishipa ya shingo leo hii, usisubiri kesho. Pale yupo yule muuguzi mrefu niliyesoma naye, mwulize kwa jina la utani la darasani, Twiga, wote wanamjua. Mumewe asijue. Narudia, mumewe asijue.

Simu yako inaita haipokelewi. Nampa barua hii dereva wa basi la asubuhi aifikishe mkononi mwako.

Dada

*

30 Julai

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Natumaini hujambo na Mama hajambo.

Kaka amekuja nyumbani akiwa na barua yako. Nimeshangaa sana. Dada, kazi yako imekufanya uone wagonjwa kila mahali. Nilikuwa na mafua. Mume wangu ni mtu mwema, kila mtu hapa mtaani anajua. Umemvunjia heshima mbele ya kaka yetu, naye ameumia, lakini amesamehe.

Nakuomba usiniandikie tena barua za namna hiyo. Usije pia, tuna mambo mengi wiki hizi.

Mume wangu ameketi hapa pembeni yangu, anakusalimu sana. Anasema nikuandikie kwamba nilikuwa na mafua.

Mdogo wako

*

2 Agosti

Mdogo wangu,

Nimepata barua ya Kitinda mimba. Mwandiko si wake. Herufi ni zake, lakini zimeandikwa kama mtoto anayeandika adhabu.

Nilikwambia mumewe asijue. Ukaenda kwake sebuleni! Ukamsomea! Miaka yote ya chuo cha sheria, ukamwuliza mtuhumiwa kama amekosa, akasema hapana, ukaridhika. Mlicheza na drafti baadaye? Usinijibu, sitaki kujua.

Najua utasema ulitaka kuwa mwadilifu, umsikilize kila mtu. Kwa hiyo ukamsikiliza mwenye mikono, mwenye shingo akasikiliza kutoka jikoni.

Sijalala. Mama nimemwacha kwa jirani. Nimemwambia naenda semina. Barua hii itakufika kabla yangu kwa saa chache. Ukiisoma, usifanye lolote. Hilo moja naliamini kwako, kutofanya lolote.

Dada

*

14 Agosti

Dada,

Shikamoo. Ulikataa kuongea nami siku ile, na ulikuwa na haki. Ila kuna mambo hukuyaona kwa sababu uliishia mlangoni, na nadhani yakupasa uyajue.

Ulipomfikisha Kitinda mimba pale mlangoni na kumkabidhi kwa Twiga, mimi nilikuwa kwenye benchi la korido. Niliona ulivyokataa kuingia. Muuguzi mmoja alikuita, ukasema, "Nikiingia, wakili atasema nilimfundisha." Ukageuka ukaenda stendi. Dada, nimeona mawakili wakubwa wakishindwa kujizuia namna hiyo.

Walikaa ndani asubuhi nzima. Nilimsikia Twiga mara chache, sauti ya chini kabisa. Mlango ulipofunguka aliniuliza mimi ni nani. Nikasema kaka yake, tena ni mwendesha mashtaka. Akasema, "Basi kwa sababu zote mbili, kaa nje." Nikakaa.

Picha ya shingo imeonyesha mshipa umeanza kuchanika kwa ndani. Wamempa dawa ya kuzuia damu isigande. Daktari amesema angekaa nyumbani siku chache zaidi, tungemzika au tungemlisha kwa kijiko. Na alama zilikuwa za aina mbili, za zamani zinazofifia na nyingine mpya. Mpya, Dada. Za baada ya mimi kwenda sebuleni pale na barua yako mkononi. Hilo nitaishi nalo, sitakuomba uniondolee.

Shemeji amekamatwa dukani. Alipoitwa alicheka, akadhani ni wateja.

Kesi hii sitaigusa, mimi ni ndugu. Nimeikabidhi kwa mwenzangu, mama mmoja mkali anayeogopwa hata na makarani. Lakini nimefanya jambo moja lililo ndani ya kazi yangu. Nimesoma kile kifungu cha sheria ya ushahidi neno kwa neno. Kinasema "mtu mwenye ujuzi maalumu". Neno daktari halimo. Hakuna! Tumelisema miaka mingi mpaka tukadhani limeandikwa. Nimeandika hoja kurasa kadhaa, nimemkabidhi mkuu wetu, naye ameipeleka kwa ofisi zote; nakala yako iko ndani ya bahasha hii. Hakimu wenu alikosea.

Najua haitamrudishia fundi cherehani kesi yake bila rufaa. Rufaa hiyo nimeiandikia maombi pia.

Mdogo wako

*

25 Agosti

Mdogo wangu,

Kwa hiyo neno daktari halimo. Nimesoma mstari huo nikiwa nimesimama katikati ya wodi, nikacheka peke yangu, mgonjwa wa kitanda cha tatu akaniuliza kama niko sawa. Sikuwa sawa. Wangapi wameachiwa kwa neno ambalo halimo?

Hasira yangu kwako haijaisha. Itachukua muda wake, usiisukume.

Lakini kurasa zako za hoja nimezitoa nakala nikambandikia daktari wa zamu mlangoni kwake.

Dada

*

8 Aprili

Dada, shikamoo.

Hukumu imesomwa leo. Nakuandikia nikiwa bado na tai shingoni.

Nilikaa nyuma kabisa, na watazamaji. Kitinda mimba alitoa ushahidi mwezi uliopita, nikaombwa nitoke nje, kwa hiyo hilo sitakusimulia. Kesho yake walimwita Twiga kuhojiwa tena na utetezi. Wakili alikuwa yule yule mwenye kesi ya fundi cherehani, amesafiri, kapata jina baada ya ushindi ule.

Akaanza pale pale. "Wewe ni daktari?"

"Hapana. Mimi ni muuguzi."

"Kwa hiyo huna uwezo wa kusema mtu huyu alikabwa."

"Sijasema alikabwa na mtu fulani," Twiga akasema. "Nimesema nilichokiona, nilichokipima na nilichoambiwa. Picha ziko mbele yako, na rula ipo kwenye kila picha."

"Mheshimiwa," wakili akamgeukia hakimu, "tunapoteza muda."

Yule mama mkali wa ofisi yetu akasimama na kile kifungu mkononi. Hakuongeza chumvi. Alikisoma tu, polepole, akafika mwisho akauliza, "Mwenzangu anionyeshe neno daktari liko wapi." Wakili akafungua kitabu chake. Akafunua. Akafunua tena. Chumba kizima kikasikia karatasi. Hakimu akasema, "Shahidi ni mtaalamu. Endelea." Dada, mahakama zote nilizosimama sijawahi kufurahia sauti ya karatasi namna hiyo.

Kisha akajaribu njia nyingine, kwamba vidoa vya jicho vinaweza kuletwa na kikohozi. Twiga akakubali! "Ndiyo, kikohozi kikali kinaweza. Kwa hiyo nilimpima mapafu na koo, nikamwuliza kuhusu kukohoa. Nimeandika nilichokuta, ukurasa wa pili. Kikohozi hakiachi alama za vidole." Aliyekaa karibu yangu akasema "Loo!" mpaka askari akamkazia macho.

Na leo amefungwa miaka saba. Hakucheka.

Tumshukuru Mungu, Dada. Imekwisha.

Mdogo wako

*

13 Aprili

Wapendwa wadogo zangu wote wawili,

Barua hii ni moja kwenu nyote. Nimeandika nakala.

Wewe Bwana Mashtaka unasema imekwisha. Ngoja nikuambie kilichotokea hapa juzi. Habari za hukumu zilifika, hospitali ikaamua kufungua chumba changu rasmi. Chumba kimefanya kazi tangu mwaka jana, lakini juzi ndiyo kimefunguliwa. Walileta utepe. Walileta viti vya plastiki na mgeni rasmi kutoka wizarani, akatangaza kwamba uuguzi wa kisheria sasa ni fani inayotambuliwa, utakuwa na cheti chake, na kila hospitali ya mkoa itakuwa na mtu. Watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga, kusema kweli machozi yalinilenga. Halafu wakamwita anayetoa neno la shukrani kwa niaba ya hospitali. Ni nani? Daktari wa maji ya chumvi. Akasema, "Sisi hapa tuliliona hitaji hili mapema." Tuliliona! Metroni alinishika mkono chini ya kanga, alijua nitasimama.

Sikusimama. Lakini mgeni rasmi alipomaliza nilimfuata mpaka kwenye gari. Nikamwuliza, fani imetambuliwa, cheo je? Nani analipwa kwa kazi hii? Usiku nani anakuwa chumbani? Mifuko ya karatasi nanunua mwenyewe kwa mwoka mikate, umejua hilo? Akasema mambo huenda hatua kwa hatua. Nikamwambia shingo haingoji hatua. Akapandisha kioo.

Kwa hiyo haijaisha, mdogo wangu. Rufaa ya fundi cherehani imepangwa mwezi ujao, na nitasimama. Nikiulizwa mumewe alifanya nini, nitasema sikuwepo. Umenifundisha.

Sasa wewe, Kitinda mimba. Chuo kimeniita nifundishe darasa lijalo, wauguzi ishirini na kitu. Nimefikiria kutumia kesi yako. Picha bila uso, bila jina, na maelezo ya Twiga yalivyo, wajifunze. Itasaidia wengi. Nadhani hutakataa.

Dada yenu

*

21 Aprili

Dada, Kaka,

Shikamooni. Na mimi nimeandika nakala mbili, kila mtu asome yake ili asiseme hakuona.

Dada, nakataa.

Ngoja, usitupe karatasi. Nimekaa na barua yako siku nzima, nimechemka, nimepoa, nimechemka tena. "Nadhani hutakataa." Mume wangu alikuwa anadhani hivyo hivyo. Samahani, najua si sawa kuwalinganisha, lakini nimefundishwa kusema maneno yalivyotoka, na ndivyo yalivyotoka.

Mnanipenda, hilo sina shaka nalo. Bila ninyi ningekuwa chini ya udongo. Lakini tazameni mlivyofanya. Kaka aliposhtuka alikwenda kumwuliza mume wangu. Dada uliposhtuka ulipanda basi, ukaingia darasani kwangu katikati ya somo la mito na maziwa, ukanishika mkono mbele ya wanafunzi arobaini ukasema twende. Nilikwenda. Niliogopa, nikaona aibu, na nilikuwa na hasira na wewe njia nzima, kwa sababu hata wewe hukuniuliza. Barua zenu mmeandikiana mwaka mzima, mimi nimo ndani yake kama mzigo unaosafirishwa.

Mnajua nani aliniuliza? Twiga. Alifunga mlango, akaketi kwenye kiti kilicho chini kuliko kitanda changu, akasema, "Mimi ni muuguzi. Naweza kukutibu tu, au kukutibu na kuhifadhi alama. Ukitaka tuanze, tutaanza. Ukitaka tusimame, tutasimama. Ukitaka kwenda zako, mlango ni ule, na dawa utapewa vile vile." Nikamwambia sijui. Akasema, "Sawa, tutakaa." Tukakaa. Hakutazama saa. Ndoa nzima hakuna aliyewahi kunisubiri nijue ninachotaka. Nililia kwa hilo, si kwa shingo. Kisha nikasema tuanze. Na kila alipotaka kunigusa aliomba upya, hata kunifungua mtandio. Ndiyo maana siku ya mahakama sikutetemeka, Kaka. Wakili aliniuliza kama nilisukumwa na dada yangu. Nikamwambia dada yangu alinisukuma mpaka mlangoni, ndani niliingia mwenyewe.

Hilo kwenye kurasa za Twiga halimo. Kuna rula, kuna vipimo, kuna maneno yangu. Halimo kwa sababu yeye analiona la kawaida. Mkiwaonyesha wanafunzi wenu picha za shingo yangu bila uso, watajifunza shingo. Watajua vidoa, watajua mifuko ya karatasi, watakuwa hodari. Kisha watamvamia mtu kama moto, kama ulivyonivamia, huku wakimpenda.

Kwa hiyo picha hapana. Maelezo hapana. Nitakuja mwenyewe, na uso wangu na jina langu. Nimeshaomba ruhusa kwa mkuu wa shule, amenipa Ijumaa. Mniwekee kiti mbele ya hao wauguzi ishirini na kitu. Nimefundisha watoto wanaorusha chaki, watu wazima hawanitishi. Nitasema nitakachotaka kusema, nitaacha nitakachotaka kuacha. Anayetaka kuuliza ainue mkono, aseme, "Naweza kukuuliza?" Nikisema hapana, aushushe.

Kaka, usije kunisindikiza. Dada, usije stendi kunipokea na machela. Nauli ninayo, njia naijua.

Mama mwambieni nakula.

Mdogo wenu